Nyoka Aliyejivua Koti

Jumanne ya mwisho ya Februari, mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na moja, Wakonyo alikuwa amechuchumaa nyuma ya msikiti wa Majengo, mjini Nyeri, akichagua nyoka. Mbele yake kulikuwa na madebe matatu ya mafuta ya kupikia yaliyofunikwa kwa magunia. Dawud, mwenye nyoka, alikaa juu ya jiwe akimenya njugu. Wakonyo alikuwa amevaa viatu vya kanisani, kwa kuwa alisikia kwamba watu wa mjini humpa kitu kibovu yeyote anayekuja miguu mitupu.

"Huyu mpole sana," Dawud akasema, akimtoa wa kwanza.

"Mpole ama mgonjwa?"

Dawud akacheka, akamrudisha. Nyoka alikuwa mgonjwa kweli. Alikuwa na povu pembeni mwa mdomo, na Wakonyo alikuwa ameliona kabla hata gunia halijafunuliwa vizuri. Wa pili alikuwa na kidonda tumboni. Wa tatu alikuwa wa rangi ya kahawia, hana sumu, urefu wake kama mkono na nusu. Dawud akamweka kwenye kiganja cha Wakonyo, naye nyoka akajizungusha na kukibana.

"Anayekushika hivyo ni mzima. Tazama macho, yote mawili maangavu. Mpe panya mmoja kila wiki, na akishameza usimguse siku mbili. Maji yasikosekane. Mweke penye joto lakini si penye moshi. Ukiona macho yamefanya ukungu, anataka kujivua gamba. Mwache, mwekee jiwe la kujisugulia basi. Na maziwa usimpe. Nyinyi watu wa huku mnapenda sana kuwamwagia nyoka maziwa. Huyu si wa maziwa, mama, ni wa panya."

"Umemtoa wapi?"

"Wang'uru. Kwenye mashamba ya mpunga."

"Wang'uru ni mbali," Wakonyo akasema, kama mtu aliyegundua kosa.

"Ndiyo, ni mbali."

Wakonyo akalipa, akamfunga nyoka kwenye leso, akamtia ndani ya kiondo, akaenda zake nyumbani Mukurweini.

Niseme mapema kwamba Wakonyo hakuwa mtu wa kuamini. Ukimwambia mvua itanyesha, alitaka kujua aliyekwambia ni nani na yeye anapanda nini. Lakini msimcheke. Mtu hazaliwi hivyo, hufanywa hivyo, na aliyemfanya alikuwa akikaa ng'ambo ya ua tu, mbele ya macho yetu sote.

Huyo ni Theuri, shemeji yake. Mwaka wa hamsini na nne, siku za emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, Theuri alikuwa hom-gadi, askari wa kijiji upande wa serikali. Asubuhi moja alikuja kumwambia kaka yake Ngatia, mumewe Wakonyo, kwamba anatakiwa kwenye ngome ya hom-gadi aulizwe neno moja tu. Ngatia akavaa koti lake la kaki, akaenda. Jioni Theuri akarudi na habari kwamba Ngatia amepakiwa kwenye lori na kupelekwa kambi moja ya wafungwa kule nyika. Baada ya miezi minne akaleta habari nyingine, kwamba Ngatia amekufa kambini kwa homa ya matumbo. Barua hakuna, kaburi hakuna. Wapimaji walipokuja kugawa ardhi mwaka wa hamsini na tisa, ekari tatu za Ngatia ziliandikwa kwa jina la Theuri. "Nakuwekea tu, Mama Wangechi," alimwambia. Wakonyo akapanda kahawa, akalima, akamlea binti yake Wangechi mpaka akaolewa Timau, na miaka kumi na miwili Theuri alikuwa bado anaweka. Sasa alikuwa naibu wa chifu. Januari ya mwaka huo alimwambia Wakonyo achume kahawa ya mwisho, kisha atoke mwisho wa mwaka, maana kijana wake anataka kujenga.

Ofisa wa ardhi wa kutoka Nyeri alikuwa amepangiwa kuja Novemba kusikiliza malalamiko. Wakonyo alikuwa na miezi tisa ya kutafuta kitu cha kumwonyesha, na hakuwa na kitu.

Ama nyoka, sababu yake ilikuwa paka. Panya walikuwa wanamaliza mahindi ghalani. Wakonyo alifuga paka, akafa akitapika. Akafuga wa pili, naye akafa wiki hiyo hiyo. Wakonyo akaokota kipande cha nyama karibu na ua wa Theuri, akakinusa, akakizika. Alifikiri siku nzima, mwisho akaamua kufuga mnyama asiyekula vya kutupiwa.

Alimtengenezea sanduku la mbao lenye wavu juu, akaliweka kando ya ukuta unaopata joto la jiko. Kwa wiki mbili kila kitu kilienda kama Dawud alivyosema. Nyoka alikula panya wawili, na wengine, bila shaka waliosikia, walihamia ghala la Theuri. Wakonyo alifurahi kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Kosa lilifanywa na Kagure.

Kagure alikuwa mama mkwe wake, mama yao Ngatia na Theuri. Alikuwa amekataa kukaa kwa Theuri bila kueleza sababu, akawa anakaa kwa Wakonyo. Macho yake yaliona kivuli na mwanga tu. Siku moja Wakonyo akiwa kwenye kahawa, nyoka alitoka sandukuni, akaenda nje kuota jua, na lilipoingia wingu akarudi. Alirudi kwa kupitia mlangoni. Kagure, aliyekuwa ameketi hapo akiambua maharagwe, akasikia mkwaruzo chini na kuona kitu kirefu kikivuka kizingiti.

Kwetu, nyoka akiingia nyumbani kwa hiari yake hauawi wala hafukuzwi. Huenda ni mtu wa nyumba hiyo aliyetangulia, amekuja kuona watu wake. Humwagiwa maziwa mlangoni, huambiwa maneno mazuri, naye hunywa akaenda. Nyoka wa kununuliwa hana heshima hiyo. Ni mfanyakazi, kama punda. Lakini Kagure hakuwa ameambiwa kwamba mkaza mwanawe amenunua nyoka, maana Wakonyo hakuwa akimwambia mtu mambo yake. Basi mama mzee akainuka, akapapasa kibuyu, akamwaga maziwa yote ya chai ya jioni kizingitini, akasema, "Karibu, mwanangu. Umekawia sana."

Nyoka akayanywa.

Wakonyo alipofika alimkuta amejiviringa juu ya kigoda cha Ngatia, ambacho hakuna mtu aliyekikalia tangu hamsini na nne. Jirani yao Warigia, aliyekuja kuomba moto na aliyekwisha kuliona lile sanduku, alikuwa amesimama hapo mikono kiunoni.

"Haiya! Mama Wangechi, hii nyoka si ulinunua?"

"Nilinunua."

"Sasa imekaribishwa."

"Nimeona."

"Na huwezi sema ati haijakaribishwa."

"Warigia, niko na macho."

Hilo lilikuwa kweli, hakukuwa na la kufanya. Maziwa yakishamwagwa, yamemwagwa, na mgeni aliyeitwa mwana hawezi kurudishwa kwenye sanduku la panya. Wakonyo alikasirika kwa sababu alihesabu kwamba sasa itabidi atafute nyoka mwingine wa kazi.

Katikati ya Aprili macho ya nyoka yakaingia ukungu. Wakonyo akamwekea jiwe karibu na kigoda, akamwacha. Siku ya tatu asubuhi, gamba lilikuwa limelala sakafuni. Lilikuwa mkono wa kulia wa koti.

Wakonyo aliuokota, akaupeleka mlangoni penye mwanga, akaukagua jinsi anavyokagua kila kitu. Ulikuwa wa kitambaa cha kaki. Mshono ulikuwa mzuri. Pembeni bado palikuwa na magamba machache, akayapangusa. Akaunusa, ukanuka tumbaku ya kunusa. Nyoka alikuwa amerudi kigodani, anang'aa, amechoka kidogo, na Wakonyo akambadilishia maji.

Mwishoni mwa Mei ukaja mkono wa kushoto. Huu ulikuwa na kiraka cha buluu kwenye kiwiko. Wakonyo alikijua kile kiraka kabla hajakigusa. Alikikata mwenyewe kwenye pazia, akakishona kwa uzi mweupe kwa kuwa siku hiyo uzi wa buluu ulikuwa umekwisha, na Ngatia alimtania wiki nzima kwamba anamfanya aonekane kama dirisha la padri. Wakonyo akaketi chini pale pale sakafuni. Aliumwa na moyo, akaumia kweli, kisha akafua ile mikono miwili na kuianika kwenye kamba.

Theuri aliiona kutoka ng'ambo ya ua. Akaja na fimbo yake ya kazi, akasimama mbele ya kamba.

"Hii nini?"

"Mkono ya koti."

"Imetoka wapi?"

"Kwa nyoka."

Theuri akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya chumvi. Akageuza ule wenye kiraka kwa ncha ya fimbo, akauangalia nyuma na mbele, polepole.

"Na ile ingine yote?"

"Bado anaishughulikia," Wakonyo akasema.

Tangu siku hiyo Theuri akawa anapitapita. Asubuhi alipita kuuliza hali ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka miwili. Jioni alipita kuuliza kama nyoka anakula vizuri. Siku moja alileta panya mnene, amekufa tayari, amefungwa kwenye jani la ndizi. Wakonyo alishukuru, akamzika panya yule mahali pale pale alipozika kipande cha nyama, na tangu hapo mlango wake ukawa na komeo ndani na nje. Alipokwenda mtoni alimbeba nyoka kwenye kiondo. Alipokwenda kanisani alimbeba pia, na mchungaji akawaombea wote wawili.

Agosti alirudi kwa Dawud. Alimkuta pale pale kwenye jiwe.

"Wewe mzee, niambie ukweli. Nyoka hii ulitoa wapi?"

"Si nilikwambia Wang'uru?"

Wakonyo akaweka kiondo chini. Alisimama tu, mpaka Dawud akaona hatauza nyoka mwingine asubuhi hiyo kama mama huyu hataondoka.

"Sikiliza, dada yangu," akasema. "Nilimtoa kwenu huko huko Mukurweini. Kwenye lile handaki la ngome ya zamani ya hom-gadi, lililofukiwa, ambapo sasa pana migomba. Nilikuwa nimekwenda kutafuta fuko wa kuwalisha nyoka. Nikaona, nani atatoa pesa yake anunue nyoka wa kijijini kwao? Ndiyo nikasema Wang'uru. Nisamehe."

"Nilijua," Wakonyo akasema.

Hakujua, lakini alishuku, na kwake hayo mawili yalikuwa yameshakuwa kitu kimoja. Migomba ile ilikuwa ya Theuri. Ndizi zake zilisifiwa soko zima, na hata mimi nimezila. Njiani kurudi Wakonyo alishuka kwenye gari mapema, akatembea hadi kwenye lile handaki, akasimama kando ya migomba mpaka mke wa Theuri akatoka kumuuliza kama amepoteza kitu.

Akasema ndiyo, akaenda nyumbani.

Septemba ukaja upande wa mbele pamoja na ukosi, vifungo vinne, kimoja cha mfupa. Mwisho wa Oktoba ukaja mgongo. Nyoka alisumbuka sana na huo. Alijisugua kwenye jiwe siku tano, na Wakonyo akawa anamnyunyizia maji ya vuguvugu kwa vidole, akimwambia, "Polepole, baba. Polepole." Ulipotoka, ulikuwa na tundu katikati ya mabega, kubwa kiasi cha kupitisha kidole gumba, na kingo zake zilikuwa zimeungua.

Wakonyo alilia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, Warigia akaja mbio, naye alipoona akalia. Kagure akaomba apewe. Akapapasa mgongo ule kutoka juu hadi chini, kidole chake kikaingia kwenye tundu, akakiacha humo.

"Hakuenda kwa lori," akasema.

"Hakuenda, maitu," Wakonyo akamjibu mama mkwe wake.

"Nilijua hakuenda. Mtu wa kwenda mbali angekuja kuniaga."

Usiniulize kwa nini hakuyasema hayo miaka kumi na saba. Alikuwa amebaki na mwana mmoja.

Wakonyo akaunganisha vipande vyote, akalipiga koti pasi ya makaa, na tarehe kumi na moja Novemba akalipeleka kwenye kikao nje ya ofisi ya chifu. Ofisa wa ardhi alikuwa kijana nadhifu mwenye miwani, mpole, aliyemwita kila mwanamke mama. Kando yake waliketi wazee wanne. Theuri alisimama upande mmoja amekunja mikono.

Wakonyo akaeleza. Ofisa akaandika: koti moja la kaki, la mwanamume, limetoka kwa nyoka. Akauliza kama ni nyoka mmoja au zaidi. Akaambiwa mmoja. Akaandika.

Koti likapita mikononi mwa wazee. Mzee mmoja akasema, "Hii ni ya Ngatia. Nilikuwa naye siku alinunua, hapo Karatina." Wa pili akasema kiraka anakikumbuka. Wa tatu akatia kidole kwenye tundu, akakitoa, akamwangalia Theuri, kisha akaangalia viatu vyake mwenyewe. Wa nne alikuwa hom-gadi zamani, akasema hana neno.

"Bwana naibu wa chifu," ofisa akasema, "unalijua koti hili?"

"Naijua. Ni ya ndugu yangu. Alivaa asubuhi ile."

"Asubuhi gani?"

"Ile alikuja ngomeni."

Watu tulikuwa wengi pale, na sote tulimsikia. Alikuwa amelisema kwa sauti ile ile anayosomea watu tangazo la chanjo ya ng'ombe. Wakonyo akadhani shauri limekwisha. Alimgeukia ofisa, na uso wake, nawaapia, ulikuwa uso wa msichana.

Ofisa alifungua kitabu kikubwa, akafuata mstari kwa kidole.

"Mama, pole sana. Ninakuamini. Lakini shamba hili, namba mia nne kumi na saba, liliandikishwa mara ya kwanza kwa jina la Theuri. Na sheria inasema usajili wa kwanza hauguswi."

"Hata kama alinidanganya?"

"Hata kama alikudanganya."

"Hata kama…" Akaonyesha tundu kwa kidole.

"Hapo sheria ya ardhi haijasema kitu, mama. Hiyo ni ofisi nyingine, na wao watataka mtu aliyeona." Akawatazama wazee, wazee wakatazama kilima. Akatutazama sisi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, mvua ikaanza kudondoka, nikavuta kofia.

Halafu Theuri akainua mkono, kwa adabu. Alikuwa na swali. Nyoka alijivulia wapi?

"Nyumbani kwangu," Wakonyo akasema.

"Nyumba iko shamba gani?"

Ofisa akatazama tena kitabuni, ingawa hakuwa na haja. Iko namba mia nne kumi na saba. Kijana yule alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Kisha akasema kilichopatikana ndani ya shamba, kikiwa hakina mwenyewe aliye hai, ni cha mwenye shamba. Akaandika, akapiga muhuri. Theuri akalichukua koti mezani, akalikung'uta, akalivaa. Lilimkaa vizuri, maana walikuwa ndugu wa baba na mama mmoja.

Hakumfukuza Wakonyo Desemba. Alisema atafikiria, kwamba watu wasimwone mbaya, na kwamba kahawa ya mwaka ujao inahitaji mikono. Kwa hiyo Wakonyo alikaa pale kwa hisani yake, mwezi baada ya mwezi, asijue siku. Nyoka naye alikaa kigodani. Alijivua gamba tena mara mbili, na mara hizo lilikuwa gamba tu.

Julai ikaingia na ukungu wake, ule unaokaa bondeni hadi saa saba mchana. Theuri alikuwa akilivaa koti kila siku. Mchana mmoja alibisha kwa Wakonyo, akasimama mlangoni.

"Mama Wangechi, wewe ndio unajua hii koti. Baridi inaingia hapa nyuma. Nishonee."

"Vua."

"Nitaganda. Shona hivi hivi."

Akamgeuzia mgongo. Wakonyo akaleta sindano na kipande cha kitambaa cha kaki. Akatia kidole kwenye tundu, akaona fulana nyeupe ya Theuri ikipanda na kushuka kwa pumzi.

"Theuri. Ulikuwa umesimama umbali gani?"

"Shona, mama wa watu. Na uangalie sindano isinidunge."

Alifikiria kahawa iliyokuwa imeanza kuiva. Alimfikiria mama mzee aliye ndani, na mahali pa kumpeleka, akakosa. Akaanza kushona. Alishona vizuri, mishono midogo ya karibu karibu, kwa sababu mkono wake haukujua kushona vingine.

Kagure alisikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Akainuka kitandani, akaja akipapasa ukuta, akafika mlangoni, akagusa bega, akashuka na mkono mpaka kwenye kiwiko, akakipata kiraka.

"Ngatia," akasema, "mbona unasimama nje kama mgeni? Ingia ukunywe uji."

Theuri akageuza kichwa. Wakonyo naye akaisimamisha sindano, akangoja.

"Naingia, maitu," Theuri akasema.

Wakonyo akaukata uzi kwa meno, akaenda kumletea uji.